Mistari ya Bafu la Donholm

Jumatatu, 3 Februari 1986

Hati za mizigo asubuhi nzima. Kaboni, nakala, vidole vyeusi. Chai ya mkandaa tena, kwa sababu Bwana Kimemia alikuwa amemaliza maziwa. Yeye ndiye karani mkuu. Hunywa vikombe viwili vyeupe kama chokaa, kisha hutuhutubia kuhusu kubana matumizi ya ofisi.

Kabla ya chakula cha mchana akaniita. Nilijua nimekosea mahali. Alikuwa ameshika daftari nililolipiga mistari Ijumaa. Akapitisha kidole juu yake.

"Makokha, una mkono mzuri. Kama mashine."

Nikashukuru. Mjinga mimi.

Kumbe ni hivi. Nyumba yake mpya ya Donholm inabarikiwa Jumapili ya tarehe kumi na sita. Mchungaji anakuja. Meneja anakuja na mkewe. Bafu la ghorofani lina vigae vipya vya waridi, lakini fundi aliyejaza simiti kati ya vigae aliharibu, na maji yanapenya hadi dari ya sebuleni. Kimemia alimtukana fundi huyo mbele ya majirani. Mafundi wa mtaa wakasikia. Sasa hakuna anayekubali kukanyaga kwake. Basi nikalitengeneze mimi, mwenye mkono mzuri.

Sijawahi kushika mwiko maishani. Nimesoma hadi kidato cha sita. Nikasema, "Ndiyo, mzee."

Muda wangu wa majaribio unaisha mwezi huu. Barua ya kuthibitishwa kazini huandikwa na Kimemia. Hakuitaja. Hana haja.

Jumanne, 4 Februari

Nilimweleza Wekesa. Ni binamu yangu, mfanyakazi wa reli. Chumba hiki cha Makongeni ni chake. Mimi nalala upande wa pili wa pazia. Alicheka hadi akaegemea ukuta.

"Niaje, karani! Fomu sikisi yote hiyo, kumbe ni ya kupaka choo!"

Nilicheka naye. Ndani sikucheka. Nikikosa barua, nafunga sanduku langu narudi Bungoma, kwa baba aliyetangazia kanisa zima kwamba mwanawe ana meza Nairobi.

Leo jioni niliingia katika bafu letu la pamoja na kulitazama kwa mara ya kwanza. Sakafu ya simiti yenye utelezi. Ufa kwenye kona. Kipande cha sabuni cha mtu asiyejulikana. Mimi ninayeoga hapa ndiye nitakayempambia Kimemia.

Alhamisi, 6 Februari

Baada ya kazi nilipita dukani karibu na Gikomba. Mwenye duka alinieleza bila kuinua macho. Kati ya vigae, simiti nyeupe. Kwenye kona, na pale hodhi la kuogea linapokutana na ukuta, usitie simiti, itapasuka. Hapo hutiwa gundi ya silikoni, ile ya kukamuliwa kwenye tyubu, maana hukauka ikawa kama mpira.

Nikampelekea Kimemia maelezo hayo. Akasema gundi anayo. Baadaye akaniletea tyubu nyeusi kutoka karakana ya kampuni. Gundi ya kubandika vioo vya malori. Naye ni mzee wa kanisa. Nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba bafu la waridi litaonekana kama limepigwa mihuri ya polisi. Akanikodolea macho. Nilidhani nimekwisha. Kisha akaguna, akarudi karakana akaleta nyeupe.

Jumamosi, 8 Februari

Donholm. Nyumba ina ghorofa, ina geti, ina kabati la vioo lenye sahani ambazo hazijawahi kuona chakula. Juu ya kochi kubwa, darini, doa la rangi ya chai lenye umbo la figo. Wamelisogeza kochi, wakaona sebule imepinda, wakalirudisha.

Bafu. Vigae vya waridi hadi usawa wa kichwa. Mistari ya yule fundi ni kama mwandiko wa mtoto ndani ya gari linalokwenda. Hapa imejaa, pale tupu, pale imemwagikia kigae na kukauka juu yake. Nilisikia dharau safi, karibu furaha.

Hodhi lilikuwa limejaa maji hadi juu na kufunikwa mbao. Mkewe Kimemia, Mama Wambui, alinieleza kwamba mifereji hukauka mchana kutwa, hivyo maji yakija hulijaza. Kila nyumba hapa hufanya hivyo. Wenyewe huoga kwa karai, wamesimama kando. Hakuna aliyewahi kuketi ndani ya hodhi hilo tangu linunuliwe. Kimemia amelinunua ili watu wajue analo.

Niliomba limwagwe. Nilitaka pakavu, pasafi, nifanye kazi kama mtu mwenye akili. Mama Wambui alisikitika kwa ajili ya maji yake lakini akachota yote kwa ndoo akayapeleka jikoni.

Nilikwangua simiti ya zamani kwa kisu chembamba. Vumbi puani, magoti yakiwaka moto. Nikafagia mistari kwa mswaki, nikailowesha. Nikakoroga simiti nyeupe ikawa kama uji wa mgonjwa, nikaisukuma ndani kwa kipande cha soli ya malapa. Nikapangusa kwa sifongo, kimshazari, ili nisiichimbue. Mstari wa kwanza ulipotokea, mwembamba, mweupe, umenyooka, nilisahau niko kwa nani.

Kisha Kimemia akaingia na viatu.

Jumapili, 9 Februari

Nilirudi baada ya ibada kutia gundi. Kwanza utepe wa karatasi juu na chini ya maungio, kuzunguka hodhi lote. Kisha kukamua, polepole, bila kusimama njiani. Kisha kidole kilichochovywa katika maji ya sabuni, mara moja tu, kutoka kona hadi kona. Kisha kuvua utepe gundi ingali mbichi. Ukingo ukabaki kama umechorwa kwa rula.

Kimemia alikagua kwa tochi, mchana kweupe. Akapiga magoti kwa shida. Hakuona kosa, na nilimwona akiumia kwa kutoliona.

"Haya," akasema. "Sasa hata kazi ya ofisi ikikushinda, hutalala njaa."

Akacheka peke yake. Nikatabasamu. Nalichukia tabasamu langu hilo kuliko kicheko chake.

Vidole vinanuka siki. Ndiyo harufu ya gundi hiyo, haitoki kwa sabuni. Wekesa ananiita Achari.

Jumanne, 11 Februari

Kimemia ananiita fundi mbele ya wapiga chapa. "Fundi, leta faili." "Fundi, funga dirisha." Wasichana wanacheka kwa sababu yeye ni mkuu. Mmoja tu hakucheka, lakini hakuinua kichwa pia. Sote ni waoga humu. Ofisi nzima ya watu waliosoma, tunamcheka tunayeambiwa tumcheke.

Ila bafu limekauka. Hodhi limejazwa tena jana. Nalala vizuri.

Alhamisi, 13 Februari

Nimekwisha.

Kimemia alikuja asubuhi uso umevimba. Hakuketi. Doa limerudi, kubwa kuliko la kwanza, na limedondosha maji juu ya kochi. Alisema yote haya kwa sauti ya juu kuliko mashine za chapa.

"Umeniharibia nyumba. Mtu asiyeweza kuzuia maji, nitamkabidhije mizigo ya watu? Jumapili dari hiyo ikidondosha tone moja, Machi usije hapa."

Ndivyo alivyosema. Machi usije hapa.

Niliandika hati moja mara nne. Mwandiko wa ule mkono mzuri umepotea.

Ijumaa, 14 Februari

Nilikwenda Donholm moja kwa moja kutoka kazini. Kimemia alikuwa bado mjini, Mungu ana huruma ndogondogo. Walikuwa wamelimwaga hodhi ili nitazame.

Nilitazama. Mistari ya vigae mizima. Ukingo wa hodhi mzima. Hakuna ufa. Nilipitisha kidole, nikapitisha ukucha, nikainamisha sikio kama mganga. Hakuna kitu. Hapo ndipo hofu ilinishika hasa. Kosa unaloliona unaweza kulisahihisha. Hili lilikuwa limejificha. Niliketi juu ya ndoo nikafikiria namna ya kumwandikia baba.

Mfereji ukakohoa. Maji yalikuwa yamekuja. Mama Wambui akapanda ngazi mbio na khanga mkononi, "Pisha, kijana, yasije yakakatika!" akafungulia. Hodhi likaanza kujaa. Mimi nimekaa palepale kwenye ndoo, macho yakiwa usawa wa ukingo.

Nikaona.

Maji yalivyopanda, hodhi lilishuka. Kidogo mno, lakini lilishuka. Gundi yangu nzuri iliyokuwa imegusa ukuta ikaanza kuachana nao, polepole, kama mdomo wa mtu anayetaka kusema. Hodhi lilipojaa, ukucha uliingia. Maji yalipofurika kidogo kabla Mama Wambui hajafunga, yaliingia mle mle, nyuma, chini, kwenye dari, kwenye kochi.

Nililala kifudifudi nikachungulia chini yake. Miguu ya hodhi imekanyaga mbao. Likiwa tupu, mbao zinalibeba. Likijaa, zinabonyea. Fundi aliyetukanwa aliliziba likiwa tupu. Mimi niliyemdharau niliomba limwagwe, nipate pakavu. Tumefanya kosa lilelile, ila langu lina mistari iliyonyooka.

Dawa yake ni rahisi hadi inakera. Lizibwe likiwa limejaa. Likauke likiwa limejaa. Kisha hata likimwagwa, gundi itabonyezwa tu, haitavutwa.

Nilikata gundi yote ya zamani kwa wembe kabla sijaondoka. Nikamwomba Mama Wambui mtu yeyote asichote. Akasema sawa, kwa sauti ya mtu ambaye kesho anapikia wageni.

Jumamosi, 15 Februari

Nimefika mapema. Hodhi limejaa hadi juu. Nimekausha ukingo kwa kitambaa, kisha kwa karatasi, kisha nikasubiri, kisha tena kwa kitambaa. Utepe. Gundi. Kidole. Sijawahi kuandika mstari wowote kwa uangalifu kama ule, hata katika mtihani. Kabla ya saa sita nimemaliza. Sasa kilichobaki ni maji yasiguswe hadi kesho asubuhi.

Na mifereji imekauka, na wanawake wa jumuiya wamekuja kupika, na maji yote ya nyumba yamo ndani ya hodhi.

Wa kwanza alikuja na sufuria. Nikamweleza, akanitazama kama mwendawazimu, akashuka. Wa pili alikuja na ndoo na maneno. Nikasimama mlangoni. Nikaendelea kusimama. Chini nikasikia wakiuliza yule kijana wa bafuni ni mgonjwa wa nini.

Kisha Kimemia, taulo begani, tumbo mbele. Alikuwa na kikao cha wazee wa kanisa na alitaka kuoga.

"Pisha."

"Hapana, mzee."

Sijui nani alisema. Ilikuwa sauti yangu.

"Umesemaje?"

"Nimesema hapana, mzee. Ukichota sasa hodhi litapanda na gundi ingali mbichi. Itakauka imebanwa, na likijazwa tena itaachana na ukuta. Kesho maji yatamdondokea meneja kichwani. Lazima likauke likiwa limejaa."

"Kijana, hii nyumba ni ya nani?"

"Yako, mzee."

"Na maji?"

"Yako, mzee."

"Na wewe ni wa nani?"

Nikashika mwimo wa mlango kwa mikono miwili. Mishipa ya shingo yake ilisimama. Nilihesabu kazi yangu kuwa imekwenda. Ajabu ni kwamba, baada ya kuihesabu hivyo, niliweza kumtazama. Mzee mnene mwenye taulo. Basi. Hicho ndicho nilichokuwa nikikiogopa tangu Septemba nilipoajiriwa.

Mama Wambui aliita kutoka kwenye ngazi, "Baba Wambui, si wewe uliyemleta? Mwache amalize. Hii hapa birika."

Alioga uani, nyuma ya kamba ya nguo, kwa birika ya chai. Nilimwona kupitia dirishani. Alikuwa anajipaka sabuni kwapani huku akitazama huku na huku kama kuku aliyeiba. Wanawake walikwenda kuomba maji kwa jirani. Nilikaa juu ya ndoo yangu hadi Mama Wambui aliponiapia kwamba atafunga mlango kwa ufunguo na kuuvaa shingoni. Alifanya hivyo mbele yangu.

Jumapili, 16 Februari

Nyumba imebarikiwa. Nilivaa tai. Nilipewa trei.

Mchungaji aliomba kwa muda mrefu. Wote walifumba macho isipokuwa mimi. Mimi nilikuwa naitazama dari. Doa lilikuwa pale, limepakwa chokaa, kavu. Asubuhi walikuwa wamechota na kujaza tena, na maji yalifurika mara mbili. Kavu. Meneja aliketi chini yake hasa na kula sambusa.

Kisha Kimemia akawapandisha wageni wote ghorofani kuona vigae. Watu wazima, kwa foleni, kutazama mahali pa kuogea. Mke wa meneja aliinama akapitisha kidole kwenye ukingo wa hodhi.

"Safi kweli. Nani aliyefanya?"

"Ni mkono huu, mama," Kimemia akasema, akauinua. Mkono usioweza hata kufunga kalamu yake ya wino isivuje. Mimi nimesimama nyuma yake na vikombe. Mama Wambui alikohoa ndani ya khanga na kushuka.

Nilitaka kumdharau zaidi lakini nilikuwa nimeshafika mwisho wa dharau niliyo nayo.

"Basi umepatikana," mke wa meneja akasema. "La kwetu linavuja miaka. Jumamosi hii uje ututengenezee, Bwana Kimemia. Usinikatalie."

Meneja akacheka na kumpiga begani. Kimemia angekataaje? Akasema kwa furaha kubwa atakuja. Kisha akageuza kichwa taratibu akanitafuta.

Jumatano, 19 Februari

Siku mbili haniiti fundi. Leo wakati wa chakula, wengine walipotoka, alikuja hadi mezani kwangu. Yeye kwangu. Akashika rula yangu akaiweka chini.

"Makokha. Ile gundi. Mtu huanzaje?"

Hawezi kunipeleka, maana meneja atajua. Hawezi kutokwenda. Basi nikamfundisha, nyuma ya stoo, kwa vigae viwili vilivyovunjika na ubao. Ni mwanafunzi mbaya kuliko wote niliowahi kuwaona. Anakamua kama anayemnyonga mtu. Anapitisha kidole mara kumi. Alijipaka tai. Nilimwambia, "Mara moja tu, mzee," naye akasema, "Najua, najua."

Nilimfundisha utepe. Nilimfundisha maji ya sabuni. Habari ya kulijaza hodhi sikumfundisha.

Alikuwa mlangoni Jumamosi nilipomweleza. Nilisema waziwazi, mbele yake. Nina hakika hakusikia neno lolote baada ya "hapana".

Hakuuliza. Sikusema. Kimya changu hakijawahi kuwa na thamani hapa, na leo kinayo. Nakiogopa kidogo.

Alhamisi, 20 Februari

Amepita mezani kwangu mara nyingi. Ananitazama kama mtu aliyesahau kitu chumbani na hakumbuki ni nini. Mimi naandika hati zangu. Mwandiko umerudi.

Nimefikiria maji yakimdondokea meneja. Nimecheka. Kisha nikafikiria kwamba maji hayo yatadondoka pia juu ya mtumishi wa ndani atakayeambiwa ayapanguse, na mke wa meneja ambaye hakunikosea. Nikaacha kucheka. Lakini sikwenda kumwambia.

Ijumaa, 21 Februari

Jioni, watu wakivaa makoti, Kimemia aliweka bahasha juu ya meza yangu. Nilifungua. Nimethibitishwa kazini kuanzia tarehe moja Machi. Sahihi yake, na baka la wino pembeni.

Nilisoma mara mbili. Nikaikunja. Alikuwa ameshafika mlangoni.

"Mzee."

Akageuka.

"Kesho, kabla ya gundi, lijaze hodhi kwanza. Hadi juu. Likauke likiwa limejaa, hadi Jumapili."

Niliona maneno yakimwingia, na Jumamosi ile ikimrudia, mlango, taulo, birika. Sikuona hasira. Akatoa kalamu, akaandika nyuma ya pakiti ya sigara: jaza hodhi. Herufi zimelala ovyo, kila moja upande wake. Akaitia mfukoni, akaenda.

Wekesa alinipa ndoo kabla yake. "Tangulia, Achari, leo wewe ni mtu wa kudumu." Nilioga polepole. Ufa wa kona bado upo. Vidole havinuki tena siki.

Kesho Jumamosi. Sijaitwa popote.